Imetoka kwa nani? Selimundu na hesabu ya vinasaba katika nyumba za Dar

Ukitaja vinasaba kwenye kijiwe cha bodaboda Mbagala Rangi Tatu, wengi watakujibu kwa jina moja: Mkemia Mkuu. Utasimuliwa kisa cha baba fulani aliyetia shaka, mtoto akapimwa, majibu yakatoka na ndoa ikayumba. Bunge lilitunga sheria ya kusimamia vinasaba vya binadamu mwaka 2009, na vipimo vya namna hiyo hufanywa kwa utaratibu maalumu katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtaani, hata hivyo, kinachosambaa ni visa. Sheria haina msimuliaji.

Lipo swali jingine la urithi ambalo huulizwa kwa sauti ya chini zaidi. Mtoto amefika miezi minane. Vidole vya mikono na miguu vimevimba, macho yana umanjano, akiguswa analia. Amepelekwa zahanati akatibiwa malaria, akarudi nyumbani, akaumwa tena. Safari hii daktari anaagiza kipimo kingine cha damu, na majibu yanasoma selimundu, ule ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Mama hajafika hata kituo cha daladala, simu imeshaita. Upande wa mume wanataka kujua jambo moja tu: "Imetoka kwa nani?"

Sayansi ina jibu, na jibu lenyewe halimwachii mtu pa kutupia lawama. Imetoka kwa wote wawili, baba na mama, kwa kipimo kilekile. Familia isiyojua hilo hupoteza miezi ikitafuta mchawi au mkosaji, na katika ugonjwa huu miaka ya mwanzo ndiyo yenye hatari kubwa kuliko yote.

Tone la damu Temeke

Kati ya Januari 2015 na Novemba 2016, watafiti wakiwa na mtaalamu wa vinasaba Siana Nkya walipima watoto wachanga katika hospitali mbili za Dar es Salaam: Hospitali ya Taifa Muhimbili na Hospitali ya Temeke, ambayo wodi yake ya wazazi hupokea akina mama wa Mbagala, Tandika, Yombo, Charambe na vitongoji vingine vya kusini mwa jiji.

Kipimo chenyewe hakina makuu. Muuguzi hushika mguu wa mtoto, huupasha joto kidogo, hufuta kisigino kwa spiriti, kisha hukichoma pembeni kwa kisindano kifupi. Tone la kwanza hufutwa. Linalofuata huachwa liguse duara lililochapwa kwenye karatasi nene inayofyonza damu, mpaka duara lijae. Karatasi huanikwa kivulini hadi doa liache wekundu wake na kuwa la kahawia. Mtoto amekwisha kunyamaza na yuko kwenye ziwa la mama yake. Damu ikishakauka haihitaji barafu. Inasafiri ndani ya bahasha hadi maabara.

Watoto 3,981 walipimwa. Thelathini na mmoja walikutwa na selimundu. Wengine 505, karibu asilimia 13, walikuwa wabebaji: wamerithi kinasaba cha ugonjwa upande mmoja tu na wenyewe ni wazima. Wengine 26 walikuwa na hitilafu nyingine za himoglobini.

Zisome tena namba hizo kwa jicho la mtaa. Asilimia 13 ni mtoto mmoja katika kila wanane. Darasa la chekechea lenye watoto 40 lina wabebaji watano waliokaa wanaimba na wenzao, na hakuna dalili yoyote ya kuwatambua. Wazazi wao nao hawajui. Mbebaji huishi, hufanya kazi, huchangia damu, huzaa na kuzeeka bila kuugua ugonjwa huu. Hujulikana kwa kupimwa, au hujulikana siku mtoto wake anapougua.

Kwa nchi nzima, makadirio yanayotumiwa na wataalamu ni kwamba watoto kati ya 11,000 na 14,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, kiasi kinachoiweka Tanzania miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi duniani, nyuma ya mataifa kama Nigeria, Kongo na India.

Herufi moja katika bilioni tatu

Karibu kila seli ya mwili ina kromosomu 46: 23 za mama, 23 za baba. Juu yake vimepangwa vinasaba vipatavyo 20,000, na kila kimoja kina maelekezo ya kitu cha kutengenezwa, mara nyingi protini. Maandishi ya maelekezo hayo yana herufi nne tu, A, T, G na C, na nakala moja kamili ya binadamu ina herufi kama bilioni 3.

Kwenye kromosomu ya 11 kuna kinasaba cha beta-globini, moja ya sehemu zinazounda himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Mahali fulani karibu na mwanzo wake wengi wetu tuna herufi GAG. Kinasaba cha selimundu kina GTG. Palipokuwa na A pamekaa T, basi. Beta-globini ni mnyororo wa viungo 146. Kwa sababu ya herufi hiyo moja, kiungo cha sita kinabadilika kutoka asidi ya glutamiki kuwa valini.

Badiliko hilo dogo lina madhara makubwa. Himoglobini ya aina hii, iliyopewa herufi S, ikishatoa oksijeni yake hushikana na mwenzake, ikaungana katika nyuzi ndefu ngumu. Chembe iliyokuwa ya duara na laini inapinda na kukakamaa mfano wa mundu. Zikiwa nyingi huziba mishipa midogo, na sehemu iliyokosa damu hulipuka kwa maumivu: mifupa, kifua, tumbo, wakati mwingine ubongo. Chembe nzima huishi siku kama 120. Iliyopinda huvunjika ndani ya siku 10 hadi 20. Uloto, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, hauwahi kufidia, damu inapungua, na mabaki ya chembe zilizovunjika ndiyo yanayotia macho umanjano.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa ikipitishiwa umeme haisafiri sawa na ya watu wazima wa afya. Mwaka 1956 Vernon Ingram wa Cambridge akabaini sababu yake, kile kiungo kimoja cha protini: kiungo cha kawaida kina chaji ya umeme, kilichoingia mahali pake hakina. Hadi leo maabara hutumia siri hiyohiyo. Damu ya kwenye karatasi hulowekwa, hupitishiwa umeme juu ya jeli, na himoglobini hujipanga katika mistari. Mstari wa A, himoglobini ya kawaida, husimama mahali pake, wa S mahali pake. Fundi wa maabara anaona kwa macho tofauti iliyoletwa na herufi moja ya kinasaba.

Urithi ni bahati ya kila mimba

Katika mwaka huohuo wa 1949, James Neel wa Marekani na E. A. Beet, daktari aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walieleza kila mmoja kwa upande wake jinsi ugonjwa unavyorithiwa. Kila mtu ana nakala mbili za kinasaba cha beta-globini, moja ya baba, moja ya mama. Mwenye A mbili ni AA. Mbebaji ni AS. Mgonjwa ni SS: amepewa S na baba, amepewa S na mama.

AS akizaa na AA, hakuna mtoto atakayekuwa SS, ingawa kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuwa mbebaji. SS akizaa na AA, watoto wote ni wabebaji na hakuna mgonjwa. Shaka ipo pale AS anapokutana na AS. Hapo kila mzazi ni kama mtu anayerusha sarafu ya shilingi: upande mmoja A, upande wa pili S. Sarafu zote mbili zikiangukia S, mtoto ni mgonjwa, na hilo hutokea mara moja kati ya nne.

Hapa ndipo wengi huteleza. Utasikia watu wakisema, "Wa kwanza ameshaupata, basi watatu wanaofuata wamesalimika." Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Kila mimba inaanza upya na robo yake ileile. Ipo familia ya watoto wanne wote wazima ambayo haijui kama wazazi ni wabebaji, na ipo yenye watoto watatu, wote wagonjwa, bila dhambi yoyote.

Mzaha wa hesabu hii ni kwamba baba anayemkana mtoto wa SS kwa madai kwamba "kwetu ugonjwa huu haupo" anaukana ushahidi wa damu yake mwenyewe. Isipokuwa kwa nadra sana, mtoto hawezi kuwa SS bila S ya baba yake mzazi.

Kwa nini alizaliwa mzima

Swali linalofuata huwa gumu zaidi kwa wazazi. Kama mtoto amerithi ugonjwa tangu tumboni, mbona alizaliwa na kilo zake tatu, akanyonya, akacheka, akaanza kuugua baadaye?

Jibu liko katika tofauti kati ya kuwa na kinasaba na kinasaba hicho kufanya kazi. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini nyingine, inayoandikwa kwa herufi F, yenye uwezo wa kuvuta oksijeni kutoka kwenye damu ya mama. Kinasaba cha F hufanya kazi wakati huo, cha beta-globini kikiwa kimetulia. Mtoto akikaribia kuzaliwa na katika miezi inayofuata, mambo yanageuka: kinasaba cha F kinazimwa polepole, cha beta kinawashwa. Maadamu F bado ni nyingi, S haipati nafasi ya kuungana katika nyuzi. Mtoto akikaribia nusu mwaka, F imepungua, S imejaa, na maumivu ya kwanza yanafika.

Ndiyo maana majibu ya mtoto mchanga huandikwa kwa mpangilio wa pekee. FA ni mzima. FAS ni mbebaji. FS ni mtoto mwenye selimundu, na F imetangulizwa kwa kuwa ndiyo iliyo nyingi siku hiyo. Karatasi yenye FS ina maana kwamba wazazi na madaktari wana miezi kadhaa ya kujiandaa kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Miezi hiyo ina thamani kubwa. Katika utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2011, wagonjwa 1,725 walifuatiliwa kuanzia 2004 hadi 2009. Kwa jumla, vifo vilikuwa karibu viwili kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, vilizidi saba. Na hao ni waliofika kliniki.

Bandama, chale na mama mkwe

Wasiofika husema nini? Uswahilini maelezo hayakosekani. Vidole vilivyovimba vinaitwa baridi. Umanjano unaitwa homa ya manjano, au tumbo limeingiliwa. Bandama ikivimba upande wa kushoto, yupo bibi atakayeshauri mtoto achanjwe chale. Maumivu yakija usiku na kuondoka, mtu ataanza kuhesabu majirani wenye husuda.

Kuna mantiki katika baadhi ya hayo. Baridi kweli huchochea maumivu. Bandama kweli ina kesi ya kujibu: kwa watoto wadogo inaweza ghafla kufyonza damu nyingi na kumlegeza mtoto ndani ya saa chache, na kwa wengi huharibika mapema, ikawaacha bila kinga dhidi ya vijidudu vya nimonia na homa ya uti wa mgongo. Ndiyo sababu kliniki nzuri humfundisha mama kupapasa tumbo la mwanawe chini ya mbavu za kushoto, ajue bandama ilivyo siku ya kawaida, ili siku ikivimba asingoje asubuhi. Chale haitibu bandama; inafungua mlango wa maambukizi kwa mtoto ambaye tayari kinga yake ni dhaifu.

Lawama nayo ina uzito wake. Mara nyingi humwangukia mama, kwa sababu ndiye anayekaa na mtoto wodini, anayeacha biashara ya vitumbua au kazi ya saluni, anayekopa nauli. Wifi na mama mkwe wakishaamua kuwa "ukoo wa mwanamke ndio wenye damu mbovu", baba naye hupata sababu ya kutokwenda kupima. Asipopima, hawatajua hesabu ya mimba ijayo.

Malaria ilivyokitunza kinasaba

Kinasaba kinachoua watoto kilipaswa kupungua kizazi hadi kizazi. Kimebakije kwa mtu mmoja katika wanane?

Fumbo hilo lilifumbuliwa Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia Kenya, alijiunga mwaka 1949 na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya. Alipokuwa akichukua sampuli za damu za makabila mbalimbali aliona mpangilio: wabebaji walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, wachache mno nyanda za juu. Palipo na mbu wa malaria palikuwa na S. Alirudi mwaka 1953, akapima watoto, na mwaka 1954 akachapisha hoja yake: mbebaji ana kinga dhidi ya malaria kali. Wenzake walisita kumwamini.

Utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2005 uliitia hoja hiyo namba: mbebaji anapungukiwa na hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 90. Kwa maelfu ya miaka, basi, mtoto wa AA alikuwa katika hatari ya kufa kwa malaria, wa SS alikufa kwa selimundu, na wa AS akaishi kuwa babu yetu. Ila mwenye SS asidhani naye ana kinga. Malaria kwake ni hatari kubwa, na chandarua ni sehemu ya tiba yake.

Leo mizani imebadilika. Takwimu za kitaifa zinaonyesha maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalishuka kutoka asilimia 18 mwaka 2008 hadi 8 mwaka 2022, na jijini Dar yako chini zaidi. Faida ya kuwa mbebaji inafifia. Kinasaba chenyewe hakifuati kasi ya vyandarua. Kitakuwa nasi kwa vizazi vingi.

Kilivuka hata bahari. Oman, ambako familia nyingi bado zinazungumza Kiswahili, wagonjwa wa selimundu wamekutwa na matoleo kadhaa ya kinasaba hicho, moja la Kiarabu na Kihindi, na jingine lile la Kibantu lililo la kawaida kwetu. Karne za majahazi kati ya Muscat, Unguja na mrima zimeandikwa pia kwenye damu.

SS wawili, maisha mawili

Mwaka 2004, Julie Makani, daktari aliyehitimu Muhimbili na kuendelea na masomo Uingereza, alianzisha na wenzake mpango wa selimundu katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Wagonjwa walisajiliwa mmoja mmoja na kufuatiliwa mwaka hadi mwaka. Leo daftari hilo limepita watu 5,000 na ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani yanayotoka kituo kimoja. Mwaka 2011 Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Uingereza ilimtunuku Makani kwa kazi hiyo.

Daftari kubwa hufungua maswali ambayo mgonjwa mmoja hawezi kuyajibu. Moja lilikuwa hili: ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, wote SS, mmoja analazwa kila mwezi na mwingine anacheza mpira. Kwa nini?

Sehemu ya jibu ni ile F ya utotoni. Kwa baadhi ya watu haizimwi yote. Kadiri inavyobaki nyingi, ndivyo S inavyozuiwa kuungana. Watafiti wa Muhimbili walichambua vinasaba vya zaidi ya wagonjwa 1,200 wa Tanzania na kuthibitisha kwamba sehemu fulani za vinasaba, ikiwamo ile iitwayo BCL11A, zina mkono katika kiasi cha F kinachobaki ukubwani. BCL11A ndicho kinasaba kinachotoa amri ya kuizima F. Mwenye toleo lisilo kali la kinasaba hicho huweza kuumwa kidogo kuliko nduguye.

Kwa hiyo kurithi SS hakumaanishi maisha yamekwisha andikwa. Vinasaba vingine, lishe, maji ya kutosha, maambukizi, chanjo na umbali wa hospitali vyote vinaandika juu ya maandishi yale ya kwanza.

Dawa ya karibu na ya mbali

Dawa ya kwanza iliyobadilisha hatima ya watoto hawa ni ya siku nyingi. Mwaka 1986 jaribio la Marekani lilionyesha kwamba penisilini ya kumeza, mara mbili kwa siku, ilipunguza maambukizi ya vijidudu vya nimonia katika damu kwa asilimia 84. Jaribio lilikatishwa kabla ya muda kwa kuwa haikuwa haki kuwaacha wengine bila dawa. Chanjo dhidi ya kijidudu hicho imo katika ratiba ya chanjo za watoto nchini tangu 2013.

Ya pili ni haidroksiyurea, kidonge kinachoichochea F irudi kazini. Jaribio lililofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto 606, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2019, lilionyesha kuwa vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu, na hata malaria ilipungua. Dawa hii inahitaji kupima damu mara kwa mara, na kwa mzazi wa Chamazi au Bunju gharama yake ni pamoja na nauli na siku ya kazi iliyopotea kila anapokwenda kliniki.

Ya tatu ni kupandikiza uloto, yaani kumpa mgonjwa kiwanda kipya cha damu kutoka kwa ndugu ambaye tishu zake zinalingana na za mgonjwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza huduma hiyo kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023.

Ya nne inatoka katika utafiti uleule wa F. Novemba 2023 Uingereza, na mwezi uliofuata Marekani, ziliidhinisha Casgevy, tiba inayohariri vinasaba. Seli za uloto za mgonjwa huchukuliwa, kipande kinachoiwezesha BCL11A kuizima F kwenye seli za damu kinakatwa, kisha seli zinarudishwa mwilini. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha, 29 walimaliza angalau mwaka mzima bila krisisi kali ya maumivu. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Elimu iliyoifikisha dunia hapo imechangiwa na damu ya wagonjwa wa Dar es Salaam. Tiba yenyewe bado iko mbali nao.

Kabla ya posa

Kwa sasa silaha iliyo karibu na kila familia ni kujua hali yake. Wapo vijana wanaodhani wanaweza kukisia kwa kabila. Utafiti mkubwa wa mikoa tisa ya Kanda ya Ziwa na kaskazini-magharibi, uliotumia sampuli 17,200 za watoto, ulikuta wabebaji asilimia 20.3 na wagonjwa asilimia 1.2, juu kuliko Temeke na Muhimbili. Na nyanda za juu zenye baridi zimekuwa na wabebaji wachache tangu enzi za Allison. Lakini Dar ni jiji la watu milioni 5.38, kwa sensa ya 2022, na wengi wana mizizi mikoani. Kijana wa Geita anaoana na binti wa Rufiji, wanapanga Kimara. Bibi wa upande wa mama ametoka Musoma, babu Tanga. Kukisia hakufai; kupima kunafaa.

Saudi Arabia, yenye S nyingi upande wa mashariki, ililazimisha wachumba kupima tangu mwaka 2004, ikawaachia wenyewe uamuzi wa kuoana. Katika miaka sita ya mwanzo, ndoa zenye hatari zilipungua kwa takriban asilimia 60. Hapa nyumbani baadhi ya makanisa na misikiti yameshazoea kuwataka wachumba wapime VVU. Kuongeza mstari mmoja wa selimundu kwenye fomu hiyohiyo ni jambo dogo, alimradi majibu yabaki siri ya wawili na yaambatane na ushauri wa mtu anayejua. AS na AS wakiamua kuoana wanaoana wakijua robo yao, na wanajua mtoto apimwe siku ya kwanza.

Hilo la siku ya kwanza ndilo serikali inaloweza kulifanya kwa wote. Katika watoto 31 waliokutwa na selimundu Muhimbili na Temeke, 28 waliunganishwa na huduma, maana yake wazazi wakiambiwa mapema huitika. Zile sampuli 17,200 za Kanda ya Ziwa zilikuwa karatasi za damu zilizokwisha kukusanywa kwa ajili ya kupima VVU kwa watoto wachanga: njia ya kusafirisha doa la damu kutoka zahanati hadi maabara ipo, wauguzi wa kuchoma kisigino wapo, na siku hizi kuna vipimo vidogo vinavyotoa majibu palepale. Kinachosubiriwa ni fungu la bajeti litakalofanya kipimo hiki kiwe cha kawaida katika kila wodi ya wazazi, kuanzia Mwananyamala hadi Mbagala, kama ilivyo chanjo ya BCG. Mpaka hapo, mzazi anayejifungua wiki hii asingoje kuambiwa. Aulize mwenyewe kama hospitali inapima, na kama haipimi, amfikishe mtoto kwenye kliniki ya selimundu kabla hajatimiza miezi mitatu, baba akiwa ameongozana nao.